Unga, udongo, mchanga au mbao: kipi kishike nafasi ya simu mikononi mwa mtoto?

Simu haimshindi mzazi kwa uzuri wa katuni zake. Inamshinda kwa sababu iko tayari. Jioni sufuria iko motoni, mtoto analia miguuni, na simu inawaka papo hapo, haimwagiki wala haihitaji kufagiliwa. Kitu chochote unachotaka kukiweka mahali pake lazima kishindane nayo hapohapo: kinaandaliwa kwa muda gani, kinachafua kiasi gani, kinahitaji jicho lako muda wote au la, na kinamshika mtoto kwa muda gani. Ushauri wa "mpe mtoto vitu vya ubunifu" hufa mapema kwa sababu hauulizi maswali hayo. Mzazi ananunua rangi za maji, anazitoa saa ya kupika, ukuta unapakwa, na simu inarudi.

Basi kabla ya kuchagua kitu, chagua saa. Mtoto wako hupewa simu wakati gani? Asubuhi mnapojiandaa kutoka? Mchana akiwa na dada wa kazi? Jioni wakati wa mapishi? Saa ya kupika inataka kitu tofauti kabisa na Jumamosi asubuhi uwani.

Tunalinganisha vitu vinne kwa watoto wa miaka 2 hadi 6: unga wa kuchezea, udongo wa kufinyanga, mchanga na maji, na vipande vya mbao. Tumevichagua kwa sababu havina namna moja ya kuchezewa. Gari la betri linaloimba likibonyezwa litaimba wimbo uleule, na mtoto akishaujua kazi imekwisha. Donge la udongo linakuwa chapati, halafu ng'ombe, halafu kaburi la yule ng'ombe.

Kuhusu kiasi cha skrini, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, zikigawanywa katika vipindi. Kwa hiyo michezo ya kukaa chini peke yake haitoshi, hata ikiwa mizuri. Hilo lina uzito wake katika ulinganisho huu.

| | Unga | Udongo | Mchanga na maji | Mbao |
|---|---|---|---|---|
| Umri wa kuanzia | miaka 2 | miaka 3 | miaka 2 | mwaka 1 na nusu |
| Maandalizi ya kwanza | dakika 15 | siku 2 hadi 4 | dakika 10 | nusu siku kwa fundi |
| Maandalizi ya kila siku | kufungua kopo | dakika 5 | dakika 5 hadi 10 | hakuna |
| Uchafu | makombo | tope na vumbi | mwingi | hakuna |
| Jicho la mtu mzima | la karibu kwa mdogo | la wastani | muda wote penye maji | la mbali |
| Uhai wa kitu | wiki chache | miaka | miezi | miaka mingi |

Unga dhidi ya udongo

Hivi viwili hufanya kazi moja: mikono inakanda, inabonyeza, inaviringisha, na vidole vinapata nguvu ile itakayoshika penseli baadaye. Tofauti iko kwenye maandalizi na kwenye kile kinachobaki mchezo ukiisha.

Unga unapikwa. Kwa watoto wawili chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula na maji ya ndimu vijiko 2. Yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, kisha tia vingine vyote na ukoroge baridi hadi mabuje yaishe. Weka kwenye moto mdogo na uendelee kukoroga kwa mwiko. Utakuwa kama uji, halafu utaanza kushikana ghafla na kuachia kingo za sufuria. Hapo epua. Ukipoa kiasi cha kushikika, ukande dakika 2 au 3 mpaka uwe laini kama sikio.

Makosa yanayotokea ni machache na yanarekebishika. Ukinata mikononi, haukuiva. Urudishe motoni dakika 1. Ukikatikakatika umekaushwa mno. Tia maji kijiko kimoja kimoja huku ukikanda. Ukiwa na chembe zinazokwaruza, ulitumia chumvi ya mawe bila kuiyeyusha. Wengi hujaribu sembe kwa sababu ndiyo iliyopo, na donge hupasuka kila likikunjwa: unga wa mahindi hauna ule mnato unaoufanya unga wa ngano uvutike, na kuongeza maji hakuusaidii.

Usiruke kupika ili kuokoa muda. Unga mbichi unaweza kubeba bakteria, na mtoto wa miaka 2 ataonja tu. Ule uliopikwa una chumvi kali kiasi kwamba wengi huonja mara moja na kutema. Lakini mtoto anayeendelea kula licha ya chumvi hiyo asipewe, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo. Mbwa wa nyumbani naye asiufikie, kwa sababu hiyohiyo.

Rangi ipatikane jikoni: manjano kijiko 1 cha chai, au maji ya kiazisukari chekundu badala ya sehemu ya maji. Manjano hushika nguo na kucha, kwa hiyo mvalishe mtoto fulana ya zamani. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kote penye hewa nzito ya bahari, chumvi huvuta unyevu na donge huanza kulowa juu. Lirudishe motoni dakika 1, kisha ulikande upya. Likitoa harufu ya kuvunda au madoa ya ukungu, tupa lote, usikate sehemu mbovu tu.

Zipo nyumba ambazo kuchezea chakula hakukubaliki, ama kwa imani au kwa sababu unga ni bei na haujatosha hata kwa chapati. Hoja hiyo ni nzito na haihitaji kubishaniwa. Huko, udongo ndio jibu.

Udongo unadai kazi mwanzoni. Upate pembezoni mwa mto, kwenye kichuguu, au kwa wafinyanzi wa karibu ambao watakuuzia ulio tayari. Usiuchimbe karibu na choo, gereji, barabara kubwa au mahali palipochomwa taka na betri. Kuupima ni rahisi: lowesha kiasi, viringisha kamba nene kama penseli, kisha izungushie kidole. Ikizunguka bila kupasuka, unafaa. Ikikatika, una mchanga mwingi.

Uanike ukauke kabisa kabla ya kuuloweka. Wengi hufanya kinyume, wanaumwagia maji ukiwa bado na unyevu, na mabonge yanakaa siku nzima bila kulainika. Udongo mkavu kabisa hunywa maji haraka na kumomonyoka wenyewe ndani ya ndoo. Uache ulale usiku mmoja, uuchuje kwenye pazia kuukuu la wavu ili mawe na mizizi vibaki juu, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha umimine tope kwenye kiroba kilichotandazwa kivulini. Ukiacha kunata mkononi, kanda. Kilo 1 inamtosha mtoto mmoja. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kibichi. Ukikauka, hakuna kilichoharibika: uache ukauke hadi mwisho, uloweke tena. Unga hauna faida hiyo.

Mtoto wa miaka 4 na kuendelea atataka ng'ombe wake abaki na miguu. Mguu ukibandikwa tu utadondoka ukikauka. Mwonyeshe kukwaruza pande zote mbili kwa kijiti, kupaka tope jepesi, kisha kubana na kulainisha kiungo kwa kidole. Anika kivulini, siyo juani. Jua hukausha nje wakati ndani bado pabichi, na hapo ndipo nyufa zinapotokea, hasa pale sehemu nene inapokutana na nyembamba, kama shingo na kiwiliwili.

Udongo tunauanzisha miaka 3 kwa sababu wa chini ya hapo huula, na udongo uliochimbwa nje unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Kunawa kwa sabuni na kusugua kucha baada ya mchezo si hiari. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia vumbi lake kavu kunalipeleka kwenye mapafu ya kila mtu.

Kwa saa ya kupika, chagua unga: kopo linafunguliwa, sinia linawekwa sakafuni, mnaendelea. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 mwenye varanda au uwani, udongo unamfikisha mbali zaidi, maana una uzito, unasimama wenyewe, na kazi yake ya leo anaweza kuiona kesho.

Mchanga na maji

Kwa muda wa kumshika mtoto, hakuna kinachofikia mchanga wenye unyevu. Pia ndio pekee kati ya vinne hivi unaomfanya ainuke, achote, abebe, akimbie kuleta maji, kwa hiyo unachangia zile dakika 180. Unachohitaji ni beseni pana au pipa la plastiki lililokatwa likabaki sentimita 25 kwenda juu, mchanga wa kufikia sentimita 10 hadi 15, na vifaa vya kuchotea: kata, kikombe cha plastiki, kifuu cha nazi, chupa iliyotobolewa matundu. Kingo za pipa lililokatwa zikunjiwe bomba la maji lililopasuliwa kwa urefu, maana plastiki iliyokatwa hukata mkono.

Mchanga mkavu humwagika na huingia machoni. Uliolowa chapachapa hauumbiki. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya mpaka ukikamata konzi na kuifungua, donge linabaki na alama za vidole. Mchanga wa ujenzi una kokoto na wakati mwingine vumbi la saruji, kwa hiyo uchekeche na uuoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi.

Tatizo la mchanga ni paka. Ukiachwa wazi usiku mmoja, paka wataufanya choo, na kinyesi chao hubeba vimelea. Funika kila jioni kwa turubai lililokazwa kwa mawe. Mara moja kwa wiki uutandaze juani na kuupindua.

Maji yana sheria moja isiyo na mjadala: mtu mzima awepo hapo, macho yakiwa kwa mtoto. Siyo ndani ukimsikia, wala siyo kaka yake wa miaka 8. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache ndani ya ndoo, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua, na huzama kimyakimya. Mchezo ukiisha, mwaga maji palepale, hata kabla ya kumkausha. Kwa sababu hii mchanga na maji havifai kabisa kwa saa ya kupika, wala kwa siku ambayo dada ana kazi nyingine. Ni mchezo wa muda ambao mtu ameketi.

Walio ghorofani mara nyingi hubadilisha mchanga kwa maharage au kunde kwenye sinia. Tunashauri wasifanye hivyo kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kwa wakubwa wafanye wakiwa wameketi naye. Kunde ikiingia puani hufyonza unyevu na kuvimba, na kuitoa kunahitaji hospitali. Mbegu za porini ndiyo kabisa: zile nyekundu zenye doa jeusi zinazovutia watoto zina sumu kali zikitafunwa.

Vipande vya mbao

Hapa ndipo tungeweka fedha, kama ipo ya kitu kimoja tu. Havichafui wala havikauki, na mtoto yuleyule anavitumia kwa namna mpya kila anapokua: wa mwaka 1 na nusu anabeba na kupanga mstari, wa miaka 3 anajenga mnara na daraja, wa miaka 5 anajenga kituo cha daladala chenye mageti. Na mzazi anaweza kuwa jikoni.

Uzuri wa vipande hivi hautegemei rangi bali uwiano. Mwalimu wa Marekani Caroline Pratt, aliyeanzisha shule yake New York mwaka 1914, ndiye aliyeeneza vipande visivyopakwa rangi vyenye uwiano wa 1:2:4, yaani unene mara mbili ni upana, upana mara mbili ni urefu. Kipimo chake cha kawaida ni takribani sentimita 3.5 kwa 7 kwa 14. Viwili vikilazwa ubavu kwa ubavu, upana wao unalingana na urefu wa kimoja, na mtoto anaigundua nusu na maradufu kwa mikono muda mrefu kabla ya kuandika tarakimu.

Huhitaji kununua dukani. Nenda kwa fundi seremala mwenye msumeno wa mezani. Mbao ya 2 kwa 4 iliyorandwa hubaki na unene wa karibu sentimita 4.5 na upana wa 9, basi urefu wa kipande uwe 18. Mwombe vipande 24 vya urefu huo, 12 vya nusu yake (sentimita 9) na 6 vya maradufu (sentimita 36). Msisitizie jambo moja: aweke kizuizi kwenye meza ya msumeno ili urefu ulingane, asipime kila kimoja kwa futi na kalamu. Tofauti ya milimita 2 au 3 haionekani kwa macho, lakini nguzo mbili zisipolingana daraja linayumba, mnara unaanguka kila mara bila mtoto kujua kosa lake, na baada ya siku mbili anaviacha. Vipande vingi vinavyolala kabatini vilikatwa vibaya tu.

Muulize fundi kama mbao imewekewa dawa. Mbao nyingi za kupaulia huchovywa dawa ya kuzuia mchwa, mara nyingi zina rangi ya kijani au harufu kali, na hazifai kwa kitu kitakachoingia mdomoni. Paini isiyo na dawa ni nyepesi na nafuu, ila ina vibanzi, kwa hiyo msasa ni lazima: namba 80 kwanza, kisha 120, kisha 180, na kila kona iviringishwe. Mninga na mvule hudumu na hulainika vizuri, lakini kipande chao kikimwangukia mtoto kwenye vidole vya mguu atalia kweli. Usipake rangi ya mafuta wala vanishi. Ukitaka, paka mafuta ya kula kidogo na ufute.

Kasoro yake kubwa ni kelele, hasa ghorofani. Mkeka au zulia kuukuu hupunguza nusu ya ugomvi na jirani. Nyingine ni kwamba mtoto anaweza kuvikodolea macho tu siku za kwanza. Ongeza vitu vidogo: vifuniko vya chupa kuwa sahani, kitambaa kuwa mto, mwanasesere wa matambara. Kila kidogo kipitishe kwanza kwenye bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha; kikipita humo, ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitamkaba.

Asiye na fundi aanze na maboksi. Ya sabuni na ya majani ya chai yakijazwa magazeti na kufungwa kwa gundi ya karatasi yanakuwa matofali mepesi. Ng'oa pini zote, uyapige nje kabla ya kuyaingiza ndani kwa sababu ya mende, na utegemee yadumu wiki moja.

Kipi kwa nani

Mtoto wa miaka 2, chumba na sebule, simu hutolewa wakati wa kupika: unga, juu ya sinia, mahali unapomwona lakini mbali na moto. Akiwa na miaka 3 au zaidi, mbao.

Nyumba yenye uwani na mtu mzima asiye na haraka asubuhi: mchanga, kisha udongo. Watoto wawili wanaogombana: mbao au mchanga, kwa kuwa vinatosha kugawana, unga wa rangi moja unaotosha mmoja tu huleta vita. Msimu wa mvua: mbao na leso (khanga). Leso mbili na viti viwili ni duka, hospitali au kibanda cha mama ntilie, na kile ambacho Kenya wanakiita kalongolongo, mchezo wa baba na mama, hakihitaji kingine. Kuchora tunakuweka pembeni: kuna thamani, lakini kwa wa miaka 2 na 3 hakuzidi dakika chache, na kunataka mtu mzima alinde ukuta.

Lolote utakalochagua, liweke chini tayari kabla hujachukua simu. Ukimnyang'anya kwanza kisha ukaenda kutafuta kopo, umempa dakika tano za kulia na wewe umechoka. Zima ule utaratibu wa video kujifuata zenyewe, ili kipindi kiishe chenyewe. Kisha kaa naye dakika 5 hadi 10. Kanda donge lako kimya, usimjengee, wala usimhoji "hii ni nini?" kila dakika, maana mara nyingi bado hajaamua. Akizama kwenye mchezo, sogea.

Toa kitu kimoja kwa wakati. Mtoto aliyewekewa unga, mbao na rangi kwa pamoja huchakura vyote na hachezi na chochote. Na usimwahidi simu kama zawadi ya kucheza vizuri, kwa sababu atakuwa anasubiri tu muda uishe.

Mtoto aliyezoea saa nyingi za skrini atalalamika siku za mwanzo, na dakika 7 za mbao zitakuwa ndizo zote anazoweza. Chukua hizo 7. Mpe kitu hichohicho, saa ileile, mahali palepale, na usibadilishe kabla ya wiki 2 kupita.